Rafu ya Mnunuzi

Seremala alipomaliza kupigilia rafu ya jikoni, alirudi nyuma kidogo, akaipapasa kwa kiganja kama alivyozoea kuzipapasa kazi za wateja, akangoja mkewe aseme neno. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Hakushukuru. Aliutazama ule ubao ulivyopigwa msasa mpaka ukang'aa, na kingo zilivyoviringwa vizuri, akauliza:

"Umemtengenezea nani?"

"Nyumba. Dalali anasema siku hizi mnunuzi anaanza kutazama jikoni."

"Mimi niliiomba mwaka tulioingia humu."

"Najua."

"Mtoto alikuwa bado hajazaliwa."

"Najua, Kimya. Sasa si hii hapa?"

Kimya ndilo jina alilompa mume mwenyewe walipokuwa wachumba, kwa uchache wa maneno yake, na mtaa mzima ukalishika. Kimya aliinua mikono aiweke sufuria juu ya rafu. Mumewe akamshika kiwiko.

"Usiweke kitu. Dalali kasema jikoni pasionekane vyombo."

Kimya akainama, akairudisha sufuria sakafuni, pale pale ilipokaa miaka yote.

Haikuwa rafu peke yake. Mlango wa chooni, uliokuwa ukifungwa kwa kipande cha kamba, ulipata komeo. Dirisha la chumbani, ambalo Kimya alikuwa akilishindilia gazeti kila upepo ukivuma, lilipata fremu mpya. Sebuleni, ambako familia ilikuwa ikikalia vigoda vitatu, kimoja kikiwa na mguu mfupi, kuliingia makochi ya mteja aliyeagiza kisha akapotea, na meza ya kulia chakula yenye miguu ya kuchonga. Binti yao aliyarukia makochi kwa furaha, baba yake akamshusha.

"Hatukai?" aliuliza mtoto.

"Hatukai," alijibu mama yake. "Ni ya kutazamwa."

Vigoda vilitolewa vikawekwa uani, chini ya kamba ya nguo, na chakula kikawa kinaliwa huko.

Kimya hakuweza kusema kilichokuwa kikimchoma. Ungemuuliza angesema hana kitu. Lakini kila msumari uliopigwa alikuwa akiusikia kifuani. Alikuwa akimwonea wivu mtu asiyemjua, mwanamke fulani atakayekuja kuishi humu, atakayefungua dirisha kwa kidole kimoja na kujifungia chooni bila kushika kamba. Mwanamke huyo hakuwa ameomba kitu, hakuwa amengoja hata siku moja, na mume wa mtu alikuwa akimtengenezea kila kitu.

*

Nyumba hazikuwa zikienda. Mtaani kote, ukutani na kwenye mageti, neno INAUZWA lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu, na kwenye nyumba nyingi rangi hiyo ilikuwa imeshafifia kwa jua. Wenye nyumba walikuwa wakiamkiana asubuhi kwa kuulizana kama kuna aliyekuja, kama watu wanaouguliwa.

Seremala hakuwa na muda wa kungoja. Kiwanja cha karakana yake kilikuwa kimetakiwa na mwenye ardhi. Katika mji mwingine, fundi mzee aliyemfundisha kazi alikuwa anastaafu, na alikuwa tayari kumwachia kwa bei nafuu karakana yake pamoja na mashine na chumba cha nyuma cha kuishi, lakini mwisho wa mwezi huu tu. Baada ya hapo angempa kijana mwingine ambaye alikuwa akija kila siku kuchungulia. Bila nyumba kuuzwa hapakuwa na karakana, na bila karakana Seremala angebaki mtu mwenye mfuko wa vyuma, anayepita mlango kwa mlango kuuliza kama kuna kitanda kilichovunjika.

Nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa imekwenda. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, ya Msusi. Zilijengwa na fundi mmoja, vyumba vile vile, bati lile lile, hata ufa wa barazani ulifanana. Msusi aliiuza kabla rangi ya maandishi haijakauka, akabaki humo kumalizia mwezi tu. Kila Kimya alipofungua dirisha lake jipya aliuona ule ukuta wa pili, mahali palipopakwa rangi kufuta maandishi, pamekuwa peupe kuliko ukuta wote. Alikuwa akilifunga tena.

*

Mnunuzi wa kwanza alikuwa bwana wa miwani aliyekuja na kijitabu. Alitembezwa na Kimya, kwa kuwa Seremala alikuwa akifunga vifaa karakanani. Alikaa muda mfupi kuliko wa kunywa maji, akashukuru, akaondoka. Jioni Dalali alikuja. Alikuwa mtu mfupi mwenye simu mbili, na alipokasirika aliongeza adabu.

"Shemeji, naomba nikuulize kwa heshima zote. Nani alikwambia umweleze yule bwana habari za mvua?"

"Aliuliza."

"Aliuliza nini?"

"Kama panavuja."

"Na wewe?"

"Nikasema chumba cha nyuma panavuja."

Dalali alimgeukia Seremala, akamtazama kama mtu anayetazama gari lililomzimikia njiani.

"Panavuja kidogo," Seremala alisema.

"Mvua ikija na upepo," mkewe aliongeza.

"Isipokuja na upepo?" Dalali aliuliza.

"Hapavuji."

"Basi hilo ndilo la kusema, shemeji. Hapavuji. Habari za upepo akaulize kwa wenye upepo."

Seremala alicheka kidogo, akanyamaza alipomwona mkewe. Dalali alivuta kigoda chenye mguu mfupi, kikayumba, akashika ukuta.

"Nisikilizeni. Mtu hanunui kuta. Anaingia ndani, anamtazama mama wa nyumba. Akimwona mchangamfu anasema, loo, humu watu wanaishi vizuri. Akimwona kanuna anasema, hapa pana jambo, twende zetu. Sasa shemeji yangu mimi namheshimu, lakini uso wake..." Hakumaliza. "Yule Msusi aliuza nyumba kwa kicheko. Nilikuwepo. Mnunuzi hakupanda hata juu kutazama bati."

"Kwa hiyo?" Seremala aliuliza.

"Kwa hiyo tumwazime. Nusu saa tu. Anapokea wageni, anawatembeza, wakitoka anarudi kwake."

"Kama nani?" Kimya aliuliza.

"Kama mwenyeji."

"Kama nani?"

Dalali alizitazama simu zake, moja baada ya nyingine, lakini hakuna iliyomwokoa kwa kulia.

"Kama mama wa nyumba," alisema.

Seremala alikuwa akikwangua gundi iliyokaukia kwenye kucha. "Ni maneno tu, Kimya. Mwisho wa mwezi ndio huo."

Kimya hakujibu, na mumewe akauhesabu ukimya huo kuwa ni ndiyo, kama alivyozoea.

*

Msusi alikuja siku ya siku akiwa amejipaka mafuta mpaka miguuni. Alikuwa mwanamke mpana, ameachika muda mrefu, na kicheko chake kilikuwa kikivuka barabara bila kutazama pande zote.

"Hodi, mke mwenzangu," alisema mlangoni. "Nimekuja zamu."

Kimya alimkaribisha. Msusi alizunguka sebuleni, akajitupa kwenye kochi, akalijaribu kwa kurukaruka, akainuka.

"Nimekosea kitu kimoja. Nimevaa viatu vya kutokea. Nani anavaa viatu vya kutokea kwake? Niazime ndara zako, dada."

Kimya alizivua. Zilikuwa bado na joto la miguu yake. Msusi akaingiza vidole vyake vilivyopakwa rangi, visigino vikabaki nje.

"Na wewe bwana nikuite nani?" alimuuliza Seremala. "Wangu wa zamani nilikuwa namwita 'wewe'. Alikuwa anaitika."

Seremala alicheka. Hakikuwa kile kicheko cha puani alichokuwa akicheka nyumbani. Kilitoka tumboni, na Kimya alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokisikia, hakukumbuka. Ndipo akaona shati. Mumewe alikuwa amevaa lile la sherehe, lile ambalo Kimya alipolitoa kwenye sanduku siku ya kwenda kumtazama dada yake aliyejifungua, aliambiwa, la nini hilo, kwani tunakwenda wapi.

Mpango ulikuwa Kimya atoke na kikapu, aende sokoni, asirudi mpaka wageni waondoke. Alichukua kikapu, akatoka mbele ya macho yao, akafika kwenye kona. Hapo miguu ikagoma. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapenya uani, akaingia jikoni taratibu, akakaa juu ya ndoo nyuma ya pazia linalotenga jikoni na sebule.

*

Aliyeletwa na Dalali alikuwa mama mtu mzima, mpishi wa shule ya bweni aliyekuwa anastaafu. Maisha yake yote alikuwa akilala kwenye chumba cha shule na kupikia watoto wa watu. Sasa alitaka mlango wake mwenyewe. Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, na hakuwa na haraka ya kusifu kitu.

"Karibu mama, karibu, hapa ni kwako," Msusi alikuwa akisema. "Kaa kwanza. Haya makochi kayatengeneza mume wangu. Nilimwambia tu siku moja, baba, miguu inaniuma, natamani kochi la kujinyoosha. Wiki haikuisha nikalikuta hapo."

"Haikuisha?" Mama Mpishi aliuliza.

"Muulize mwenyewe. Huyu ukisema kitu, kesho kipo. Hata rafu ya jikoni, nilisema asubuhi, jioni naweka vyombo."

"Hongera," Mama Mpishi alimwambia Seremala. "Wachache hao."

"Mke akiomba utafanyaje?" Seremala alisema.

Alilisema kwa sauti nzuri, ya mtu anayejiamini, kama mtu aliyekuwa akilisema kila siku. Nyuma ya pazia, Kimya alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria. Hakujua aliuchukua saa ngapi. Ulimponyoka, ukaanguka, ukazunguka sakafuni kwa kelele ndefu, na kila mtu sebuleni akausikiliza mpaka ukatulia.

Mama Mpishi alivuta pazia.

"Na huyu?"

Msusi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule hakikutoka kitu. Dalali alitazama dari. Seremala alimtazama mkewe aliyekaa juu ya ndoo, peku, amefunga kitambaa cha jikoni kiunoni.

"Huyu," alisema, "huyu ni dada wa kazi."

Kimya angeweza kusimama, akasema. Neno lilikuja mpaka kooni. Lakini nyuma ya bega la Mama Mpishi aliuona uso wa mumewe, jasho limemtoka juu ya mdomo, na akauona ule mfuko wa vyuma na milango ya watu. Akalimeza.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, binti." Mama Mpishi aliwageukia wengine. "Nyinyi kaeni. Jikoni nataka kupatazama mwenyewe. Mimi jikoni ndiyo ofisi yangu."

*

Alifungua bomba, halikutoa kitu. Alifungua dirisha. Alipitisha kidole juu ya rafu. Kisha akavuta ndoo nyingine, akakaa mbele ya Kimya, magoti yakalia.

"Una muda gani hapa?"

"Miaka kumi na miwili."

"Mingi kwa kazi ya ndani. Wanakulipa vizuri?"

Kimya alifikiri. "Nakula. Nalala."

"Basi?"

"Basi."

"Mapumziko je? Jumapili?"

"Sijawahi kuyaona."

Mama Mpishi alitikisa kichwa. Kutoka sebuleni kilikuja kicheko cha Msusi, kisha cha Seremala juu yake. Kimya aligeuza uso kuelekea pazia, akalitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama pazia. Mama Mpishi naye alikuwa akimtazama yeye.

"Niambie kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye nyumba atasifia tu, ndiyo kazi yake. Wewe ndiye unayefagia. Nyumba hii ina nini?"

Kimya alikuwa na nyumba nzima mkononi wakati ule. Angeweza kuibomoa kwa neno moja, na sehemu ya moyo wake ilitaka kusikia ikianguka. Ilitaka kumwona yule mwenye shati la sherehe akikimbilia mlangoni kumwomba mnunuzi arudi. Lakini alipofungua mdomo yalitoka yale yale anayoyajua, hakuna zaidi.

"Chumba cha nyuma panavuja, mvua ikija na upepo. Weka beseni pembeni ya dirisha, siyo katikati. Maji yanakuja alfajiri tu, ukilala umeyakosa. Jikoni hapa jua haliingii mpaka mchana, unaweza kupika bila kutoka jasho. Ukuta wa huku unapoza, nilikuwa namlaza mtoto..." Alijikwaa. "Mtoto wao. Nilikuwa namlaza hapa akiwa na homa."

"Na rafu?"

"Rafu ni mpya."

"Mama mwenye nyumba kasema aliomba asubuhi akapata jioni."

"Iliombwa miaka kumi na miwili."

"Kwani fundi alikuwa wapi?"

"Alikuwa anatengeneza za watu."

Mama Mpishi akaweka mkono wake mzito, wenye alama za moto, juu ya goti la Kimya.

"Nikichukua nyumba hii, wewe baki. Mimi nitakulipa."

*

Aliichukua. Alishusha bei kidogo kwa ajili ya chumba cha nyuma, na Dalali alishindwa kuelewa habari za upepo zilimfikiaje. Lakini alitaka na makochi yabaki, na ile meza, na hilo liliirudisha bei karibu na pale pale. Siku ya kwenda kwa wakili ilipangwa.

Jioni ile Seremala alikuwa akitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyevuliwa mzigo. Msusi alipoaga alimsindikiza mpaka getini, na Kimya aliwasikia.

"Umetuuzia nyumba, jirani. Hakika bila wewe."

"Mimi nimekaa tu kwenye kochi."

"Ngoja. Kile kimeza cha kona, kile kidogo. Kichukue. Sina cha kukupa."

Kimeza hicho kilikuwa cha mbao nyekundu, na Kimya alikuwa na mahali alipokusudia kukiweka kwenye chumba cha mji mwingine. Alimwona Msusi akivuka barabara amekibeba kichwani, ndara zikipiga visigino vyake. Alikuwa amesahau kuzivua.

Mumewe aliporudi alimkuta anaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

"Uliniita dada wa kazi."

"Ilitoka tu, Kimya. Ulinishtukiza. Si tulikubaliana uende sokoni?"

"Ungesema dada yako. Ungesema jirani."

"Jirani gani? Jirani alikuwa..."

"Jirani alikuwa kwenye kochi amekuwa mimi. Basi mimi ningekuwa jirani. Kulikuwa na nafasi."

Seremala alijaribu kucheka, cha puani. "Una wivu na Msusi?"

Alifikiri atakataa. Alikuwa amejiandaa kwa kukataa.

"Ninao," Kimya alisema. "Na siyo Msusi tu. Namwonea wivu yule mama atakayekuja. Nayaonea wivu makochi, umeyafuta vumbi kila siku. Na dirisha. Nyumba imekuwa na bahati kuliko mimi, imekwenda kuuzwa ikapata kila kitu. Mimi nilikosea kukaa tu."

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu bado. Msusi alikuwa amemwanzia jana.

"Mama, kwani unagombana?"

"Nazungumza," Kimya alisema.

Mtoto alimtazama baba yake kuuliza kama ni kweli, kwa kuwa hakuwahi kuona.

*

Dalali alikuwa amepanga mambo kwa dakika. Msusi angekuja kwa wakili kumwamkia mnunuzi, angesingizia mgonjwa, angeondoka. Mnunuzi angesaini na kuondoka. Mchana ndipo Kimya angeletwa kusaini peke yake, kwa kuwa nyumba ya mume na mke haihami bila saini ya mke, na kitambulisho hakina kicheko.

Kimya aliambiwa aje mchana. Alikuja asubuhi. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu na viatu vya kufunga, akakaa kwenye benchi la ofisi, kitambulisho mkononi, kabla hata Dalali hajafika. Wengine walipoingia walimkuta. Seremala alisimama mlangoni kama aliyekosea mlango.

"Binti," Mama Mpishi alifurahi. "Nawe wamekuleta? Vizuri. Tutaondoka pamoja ukanionyeshe pa kuweka beseni."

Msusi alianza habari ya mgonjwa wake, lakini wakili alikuwa kijana wa haraka, na tayari alikuwa amegeuza karatasi.

"Muuzaji, hapa. Vizuri. Sasa mke wa muuzaji, hapa chini."

Mama Mpishi alimtazama Msusi. Dalali alimtazama Msusi. Msusi alitazama vidole vyake vya miguu. Wakili aliinua kalamu hewani, haina wa kuipokea.

Kimya akasimama, akaenda mezani, akaipokea. Akaweka kitambulisho chake juu ya karatasi. Lakini hakuinama kusaini. Alimgeukia mumewe.

"Mwambie mama mimi ni nani."

"Kimya, tafadhali. Watu wana kazi."

"Ulimwambia siku ile. Mwambie na leo."

Kwenye chumba cha pili mtu alikuwa akipiga mihuri, na kila muhuri ulisikika. Seremala aliangalia mlango, akaangalia karatasi yenye nafasi moja tupu, akaangalia ile kalamu. Alijua kuwa nyumba, karakana, mashine na mji mwingine vimesimama hapo kwenye ncha yake. Lakini alipoinua macho zaidi akauona uso wa mkewe, na uso huo haukuwa unatisha mtu. Ulikuwa unangoja tu. Ulikuwa umeingoja hivyo hivyo rafu.

"Ni mke wangu," alisema, chini chini.

"Mama hasikii vizuri," Kimya alisema. "Yuko mbali."

"Mama," Seremala alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika. "Huyu ndiye mke wangu. Hana mwenzake. Yule ni jirani yetu, tulimwomba. Rafu aliiomba huyu. Nilimkalisha miaka kumi na miwili, nikaiweka kwa ajili yako, siyo yeye. Nisamehe."

"Unaniomba radhi mimi?" Mama Mpishi aliuliza. "Mimi nimekosewa nini?"

Alikaa vizuri kwenye kiti chake, akakunja mikono.

"Siku ile ile nilijua. Nimefanya kazi na wasichana wa jikoni mpaka nimezeeka. Hakuna mfanyakazi anayelitazama pazia vile kwa sababu tajiri wake anacheka na mkewe. Nikasema, huyu mwenye wivu hivi ndiye mwenye nyumba, yule mwingine anapita." Akamgeukia Dalali. "Na nimenunua kwa maneno yake, siyo yako. Usije ukanidai shukrani."

Dalali aliangalia simu zake.

Kimya aliinama, akasaini. Aliandika polepole, herufi moja moja, kama mtu ambaye hakukaa sana darasani, na hakuna aliyemharakisha.

"Sasa," Mama Mpishi alisema, "na yule dada wa kazi niliyemwahidi mshahara, yuko wapi?"

"Ameacha kazi," Kimya alisema. "Leo asubuhi."

Mama Mpishi ndiye aliyeanza kucheka. Kimya naye akacheka, akaziba mdomo kwa mkono, kisha akautoa mkono.

*

Siku ya kuhama, Msusi alivuka barabara amebeba kimeza cha kona, na juu yake ndara zilizooshwa.

"Chukua vyako, dada. Zimetanuka kidogo, miguu yangu unaiona." Hakuwa akicheka. "Mume wako sina haja naye, ujue. Mimi nilipenda tu kuwa na mtu wa kumsingizia mazuri."

Kimya alikipokea kimeza. Ndara alizitazama, akamrudishia. "Hizo zimeshakuzoea," alisema, na hakuna kati yao aliyejua kama limesemwa kwa wema. Kisha akaongeza, "Mtoto bado nusu kichwa. Gari halijafika."

Msusi akakaa kwenye ngazi na kumwita mtoto.

Ndani, makochi yalikuwa mahali pake na meza mahali pake, na jikoni rafu ilikuwa tupu, inang'aa. Kimya aliipitishia mkono mara moja. Halafu akachukua ile sufuria sakafuni, akaiweka juu ya rafu, akarudi nyuma, akaitazama kwa muda. Akaishusha, akaipakia.

Uani alimkuta mumewe amechuchumaa kando ya mizigo, na msumeno mdogo. Alikuwa amekipindua kile kigoda chenye mguu mfupi, anapachika kipande cha mbao, anakipiga msasa kwa pembeni, taratibu, kama kazi ya mteja. Hakumwona mkewe mpaka kivuli chake kilipofika kwenye mbao.

"Umemtengenezea nani?" Kimya aliuliza.

Seremala alikigeuza kigoda, akakisimamisha kwenye udongo, akakibonyeza kila upande. Kisha akakisukuma mpaka miguuni pa mkewe.

Kimya akakaa. Alijaribu kuyumba kulia, akajaribu kushoto. Hakikutikisika. Alikaa hapo, mikono mapajani, mpaka gari lilipopiga honi, na mwenye gari alipokuja kuuliza kama na hicho kigoda kinapanda, alisema bado, ngoja kidogo, nimekikalia.